Picha ya watu arobaini

Picha ile iliingia kwenye kundi la familia la WhatsApp Jumapili usiku. Haikuwa na maneno. Binamu yetu aliyeituma aliweka alama ya kuuliza tu. Watu wanatembea katikati ya barabara kwenye gwaride la mashoga, bendera za rangi za upinde wa mvua zinapepea, jua kali. Mbele kabisa yuko mwanamume kifua wazi, mgongoni kafunga mabawa ya manyoya ya rangi ya waridi, mapana kuliko mlango. Hatua nne tano nyuma yake yuko mdogo wangu, shati jeupe kalichomekea vizuri kama mtu anayekwenda kwenye usaili wa kazi.

Baadaye nilikaa nikawahesabu. Wanaoonekana sura ni arobaini. Thelathini na tisa wamevaa fulana, magauni, suruali na raba. Lakini usiku ule, na wiki tatu zilizofuata, ukoo mzima ulimzungumzia yule wa arobaini.

Jina la mdogo wangu silitaji, maana kulitaja si kazi yangu. Makosa ya namna hiyo nimeshayafanya ya kutosha. Mimi nilijua kwamba ni shoga tangu miaka sita kabla ya picha hiyo. Aliniambia tukiwa ndani ya gari, macho yake yakiwa kwenye kioo cha mbele, nami nikamjibu, "Wewe ni mdogo wangu, yameisha." Nikajihesabu miongoni mwa watu wema. Mama alikuwa anajua kwa ile namna ya kina mama, ya kujua bila kusema. Mzee ama hakujua, ama alijua akaamua kutojua, na nyumba nzima ilikuwa imejipanga kuzunguka uamuzi wake huo.

Nilimpigia simu mdogo wangu usiku uleule. Sikumwuliza kama yuko salama. Nilimwambia, "Sasa haya ya nini? Nani kakukataza kuishi unavyoishi? Lakini kujianika barabarani na watu wa manyoya, ndiyo mnataka jamii iwakubali?"

Alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Kaka, kabla ya leo sikuwahi kuandamana hata siku moja. Miaka yote hiyo nimekaa kimya. Mzee alinikubali lini?"

Nikamwambia anakwepa swali. Kumbe aliyekuwa anakwepa ni mimi, na ilinichukua muda mrefu kuliona hilo. Nilipojikagua, niligundua kwamba "nimekukubali" yangu ilikuwa na sharti, na sharti lenyewe lilikuwa na miguu. Mwanzo nilitaka asimwambie mtu. Alipowaambia marafiki zake, nikataka asije na mwenzake kwenye shughuli za familia. Alipokuja naye, nikataka wasikae viti vya jirani. Kila alipofika pale nilipomwambia asimame, alikuta nimeshausogeza mstari. Gwaride lilikuwa mstari mpya tu. Nililishika kwa mikono miwili kwa sababu safari hii nilikuwa na manyoya ya kuonyeshea watu.

Yeye ndiye aliyenisimulia kisa cha Philadelphia, Marekani. Mimi nilidhani wazo la kuandamana kwa staha ni langu, kumbe lilishajaribiwa kabla hata sijazaliwa. Kuanzia mwaka 1965 hadi 1969, kila tarehe 4 Julai, kikundi kidogo cha mashoga na wasagaji kilisimama mbele ya jengo la Independence Hall kikiwa na mabango. Mmoja wa viongozi wake alikuwa Frank Kameny, mtaalamu wa elimu ya nyota aliyefukuzwa kazi ya serikali ya Marekani mwaka 1957 kwa sababu ya ushoga wake. Kanuni ya mavazi ilikuwa kali: wanaume suti na tai, wanawake magauni au sketi, katika joto la Julai. Hakuna kupiga kelele. Walizunguka kwa mstari mmoja, mabango juu, kama wafanyakazi wa benki waliogoma kwa adabu. Hiyo ndiyo picha niliyokuwa naitaka mimi. Mwaka wa mwisho wanawake wawili walishikana mikono wakiwa kwenye mstari, na Kameny mwenyewe akaenda kuwaachanisha.

"Waliachanishwa kwa kushikana mikono," mdogo wangu alisema. "Na hao ndio waliovaa tai."

Wiki moja kabla ya siku hiyo, watu wa Stonewall, baa moja ya mashoga ya New York, walikuwa wamekataa kukamatwa na polisi, na fujo zikaendelea kwa siku kadhaa. Mwaka mmoja baadaye, 28 Juni 1970, maelfu walitembea kutoka mtaa wa Christopher hadi bustani ya Central Park, bila kanuni yoyote ya mavazi. Inasemekana walikwenda mwendo wa haraka mno kwa kuogopa kupigwa. Chicago walikuwa wameandamana siku iliyotangulia, na Los Angeles waliandamana siku hiyohiyo. Miaka mitano ya tai haikuzaa hilo. Sisemi tai hazikufanya kazi yoyote, maana Kameny aliendelea kupambana miaka mingi na aliishi hadi serikali ilipomwomba radhi. Nasema tu kwamba hoja yangu, ya kwamba wangevaa vizuri wangekubaliwa, ilikuwa imepewa nafasi yake.

Mwaka uliofuata Mama alikuwa amekuja kukaa kwangu. Siku ya gwaride ilipokaribia aliniambia, "Baba, nipeleke nikaone mwenyewe. Nimechoka kuonyeshwa."

Tulisimama ukingoni mwa barabara saa nne asubuhi, Mama kabana mkoba kwapani kwa nguvu kama yuko stendi. Nilikuwa nimejiandaa kumziba macho, utani pembeni. Jambo ambalo hakuna aliyenitahadharisha ni kwamba gwaride kwa sehemu kubwa linachosha. Wanawake wenye pikipiki walitangulia, na hao walimfurahisha. Baada yao, nusu saa nzima ya watu waliovaa fulana zinazofanana: wafanyakazi wa kampuni hii, wafanyakazi wa kampuni ile, wazima moto, kwaya inayoimba nje ya ufunguo, mbwa waliovishwa skafu. Kisha pengo la dakika kumi ambapo hapapiti mtu. Mama akaniuliza kwa sauti ya mtu aliyepunjwa, "Sasa wale wa manyoya wako wapi?"

Walikuja, akawatazama, akasema yule wa pili angevaa shati, kuna upepo. Basi. Mzigo niliokuwa nimeubeba mwaka mzima kwa niaba yake, mwenyewe aliutua kwa sentensi moja.

Kisha likaja kundi la watu kumi na tano hivi, wengi wao wazee, mmoja anasukuma kigari cha kutembelea. Hakukuwa na muziki. Kelele za watazamaji zilipanda ghafla kuliko zilivyopanda kwa yeyote aliyewatangulia. Kijana mmoja upande wa pili wa barabara alikuwa analia waziwazi, mdomo wazi, hajifuti.

"Hawa nao?" Mama aliuliza.

"Hawa ni wazazi, mama."

Desturi hiyo ilianzishwa na mwalimu mmoja wa shule wa New York, Jeanne Manford. Mwaka 1972 kijana wake Morty alipigwa kwenye maandamano ya mashoga huku polisi wakiangalia. Juni ya mwaka huohuo mama huyo aliandamana naye, amebeba bango linalowataka wazazi wa mashoga waungane kuwaunga mkono watoto wao. Vijana walimkimbilia katikati ya barabara, wanamkumbatia, wanamwomba akaongee na wazazi wao. Mwanzo alidhani zile shangwe ni za mtu mwingine aliyekuwa nyuma yake. Kutokana na siku ile ikazaliwa jumuiya ya wazazi ambayo leo ina matawi mamia Marekani. Kikao chake cha kwanza, mwaka 1973, kilikuwa na watu kama ishirini tu.

Mmoja wa wale kina mama alitoka kwenye msafara akaja kukaa kwenye ukingo wa barabara karibu yetu, kamba ya kiatu imefunguka na mgongo haukunjiki. Mama akainama akamfungia. Walikaa pale kama dakika kumi. Mimi nilijitia kuangalia bendera, lakini swali moja nililisikia: "Ilikuchukua muda gani?" Na jibu lake: "Miaka tisa. Na kuna siku bado."

Njiani kurudi Mama hakusema kitu mpaka tukafika mlangoni. Hapo akasema, "Mwite mdogo wako aje ale. Aje na huyo mwenzake."

Kuna utafiti uliochapishwa mwaka 2016, uliofanyika Miami, unaoeleza vizuri kilichompata Mama pale ukingoni. Watu walikwenda mlango kwa mlango kuzungumza na wapigakura kuhusu waliobadili jinsia. Walizungumza kwa dakika kama kumi, bila kuhubiri, wakimwomba mwenyeji akumbuke siku ambayo yeye mwenyewe alihukumiwa kwa kuwa tofauti na wengine. Chuki ilipungua, na miezi mitatu baadaye ilikuwa bado imepungua. Mtu anayepinga magwaride anaweza kuudaka utafiti huo na kusema: mnaona, kinachobadili watu ni mazungumzo, si ngoma barabarani. Mimi mwenyewe ningesema hivyo. Lakini Mama asingemfungulia mlango mtu wa namna hiyo. Angemwambia kupitia dirishani kwamba wenyewe hawapo. Alikwenda kuangalia manyoya, akaambulia mwenzake mwenye kamba iliyofunguka.

Mzee ni habari nyingine. Mzee hakwenda popote; yeye aliletewa. Baada ya picha ile hakumpigia mdogo wangu simu kwa miezi minane, na hata mimi nilipopiga aliongea kama mtu anayelipia kila neno. Siwezi kuandika hapa kwamba gwaride lilisaidia nikamruka yeye. Kwa Mzee, gwaride lilichukua jambo alilokuwa akilizunguka kwa utulivu miaka mingi na kulitupa katikati ya sebule mbele ya ndugu zake wote. Kama mngemwuliza mwaka ule, angewaambia kwamba kabla ya picha alikuwa na watoto wawili wa kiume.

Kwa hiyo niliposoma habari za Sarajevo, mji mkuu wa Bosnia, nilitulia nikazisoma mara mbili. Gwaride la kwanza la mji huo lilifanyika Septemba 2019, chini ya ulinzi mkali, na watafiti walikuwa wamewauliza wananchi maoni yao kabla na baada. Ndani ya Sarajevo, kuwaunga mkono mashoga kuliongezeka. Sehemu nyingine za Bosnia hali ilibaki karibu palepale. Waliokuwa karibu waliona watu wakitembea. Waliokuwa mbali waliona kile kipande ambacho mtu mwingine aliwachagulia. Mama na Mzee, nyumba moja, kitanda kimoja, miaka arobaini ya ndoa. Mmoja alikuwa Sarajevo, mwingine hakuwapo.

Na kuna bei ambayo mtazamaji haioni. Tarehe 24 Juni 1978 walioandamana Sydney walishambuliwa na polisi, watu 53 wakakamatwa, na gazeti likachapisha majina yao pamoja na kazi zao. Wapo waliopoteza kazi. Bunge la jimbo na gazeti lenyewe waliomba radhi mwaka 2016, miaka 38 baadaye, wengine wakiwa wameshazikwa. Belgrade, Serbia, mwaka 2001 waandamanaji walipigwa vibaya hata safari haikumalizika, na mwaka 2010 mji uligeuka uwanja wa vita kati ya polisi na vijana waliokuja kulizuia gwaride. Kwa mtu anayeishi mahali pa namna hiyo, swali la kusaidia au kudhuru si la kujadili kwenye kiti. Anapima kama atarudi nyumbani. Sina ujasiri wa kumwambia mtu wa namna hiyo aandamane, na wala sina haki ya kumwambia asiandamane.

Johannesburg walilitatua kwa namna ambayo bado inanitia simanzi. Katika gwaride lao la kwanza, 13 Oktoba 1990, walioogopa kutambuliwa walitembea wamevaa mifuko ya karatasi kichwani, imetobolewa macho. Mimi ningechukua mfuko. Mbele yao walikuwepo wanaharakati Simon Nkoli na Beverly Ditsie, uso wazi. Miaka sita baadaye katiba ya Afrika Kusini, ya kwanza duniani kufanya hivyo, ilikataza ubaguzi kwa sababu ya mwelekeo wa kijinsia. Ni rahisi kusema gwaride lilizaa katiba. Lakini Nkoli alikuwa ametiwa mahabusu mwaka 1984, akashtakiwa kwa uhaini katika kesi ya Delmas pamoja na wapinzani wengine wa ubaguzi wa rangi, na huko ndiko alikowaambia wenzake kwamba ni shoga. Ugomvi ulikuwa mkubwa. Wapo waliotaka asishtakiwe pamoja nao. Kisha wakaishi naye, siku baada ya siku, kuta zilezile. Mmoja wao, Mosiuoa Lekota, baadaye alieleza kwamba baada ya kukaa na mtu kama Simon aliyebeba mzigo uleule wa mapambano, wasingeweza kuandika katiba inayomtupa nje. Siri ya mtungi aijuaye kata. Kilichotangulia kilikuwa ni ukaribu, ukaribu wa lazima, wa gerezani, na barabara ikaja baadaye kuwatafuta wale ambao hawakuwahi kufungwa na Simon.

Kuhusu makampuni sitasema mengi, nina kinyongo. Mahali nilipokuwa nafanya kazi walitugawia fulana za upinde wa mvua tukaandamane, mwezi uleule ambao dada mmoja wa idara yetu alinyimwa ruhusa ya kumwuguza mwenzake wa kike kwa kuwa "si ndugu kisheria". Fulana alipewa. Mwaka 2019, New York, waliochoshwa na mambo ya aina hii waliandaa maandamano yao siku ileile ya gwaride kubwa, bila wafadhili wala magari ya matangazo. Nawaelewa kabisa.

Mwaka wa tatu nilijitolea kugawa maji. Saa mbili asubuhi, nyuma ya lori, niliombwa nimsaidie mtu kufunga mikanda ya mabawa yake, naye alipogeuka nikamtambua: wa arobaini. Ni fundi wa lifti. Mabawa aliyashona mwenyewe kwa wiki tatu, na kwa karibu yanaonekana hivyo, gundi imevuja huku na huku na fremu ni ya waya wa umeme. Mikanda ilikuwa imemchubua mabega tangu kwenye mazoezi, akawa ameweka pamba chini yake.

Nikamweleza habari ya picha, na Mzee, na miezi minane. Sijui nilitegemea nini. Pengine nilitaka anitake radhi. Alisikiliza mpaka mwisho, akarekebisha pamba, akaniuliza, "Shati jeupe? Nyuma yangu upande wa kushoto?"

"Ndiyo."

"Alikuwa anatetemeka. Nikamwambia akae nyuma yangu. Watu wakiniangalia mimi, hawamwoni yeye."

Nilifunga mkanda wa mwisho bila kusema kitu. Tangu siku hiyo, kila ninaposikia kwamba hawa wa manyoya ndio wanaowaharibia wenzao, namkumbuka pia Sylvia Rivera, mwanaharakati aliyezaliwa mvulana akaishi kama mwanamke, aliyepambana mbele enzi zile za New York, akapanda jukwaani kwenye mkutano wa mwaka 1973 kuwatetea wenzake waliofungwa, naye akazomewa. Aliyemzomea hakuwa Mzee. Walikuwa wenzake, wenye haraka ya kuonekana watu wa kawaida. Nilikuwa nimefika kwenye mstari huohuo bila hata kuwa mmoja wao.

Mzee alikuja kututembelea mwishoni mwa mwaka ule. Mdogo wangu alikuwepo, wakasalimiana, wakazungumza habari za goti la Mzee jioni nzima. Mwenzake hakutajwa. Kesho yake Mzee akanipa simu yake nimfutie picha, imejaa, haipigi tena. Nikiwa napitia nikaikuta ile. Alikuwa ameikata. Mabawa hayapo, bendera hazipo, watu thelathini na tisa hawapo. Kabaki mdogo wangu peke yake na shati lake jeupe, amekuzwa mpaka sura imeanza kupoteza ukali, na tarehe ilionyesha kwamba ilihifadhiwa wiki ileile tuliyoipata, ndani ya ile miezi minane.

Niliitazama kwa muda. Katika picha nzima mkono wa kulia wa mdogo wangu umeshika mkono wa mtu, kitu ambacho kwenye kundi la familia hakuna aliyekiona kwa ajili ya manyoya. Katika hii ya Mzee, picha inaishia kwenye kifundo cha mkono.

Nikamfutia nyingine. Hiyo nikaiacha.